Mihadhara ya Historia ya Mahali: Yanayosimuliwa na Yanayoachwa

Mihadhara ya hadhara juu ya historia ya mahali na urithi wa utamaduni imepata nafasi ya heshima katika sharika na vyuo vyetu. Ni vigumu siku hizi kuadhimisha jubilei pasipo mzee au mwalimu kusimama na kueleza jinsi Injili ilivyofika, koo zilikotoka, na mila zilizokuwako kabla ya ubatizo. Jambo hili ni jema, kwa kuwa Kanisa lisilojua lilikotoka huwa mgeni katika nchi yake lenyewe. Lakini kazi njema nayo hupimwa, na katika makala haya tunakusudia kuipima.

Dosari tunayoiona si uongo. Wahadhiri wengi husema kweli kwa kadiri walivyopokea. Dosari imo katika namna ya kugawa habari. Sehemu ya kwanza ya mhadhara huitwa utamaduni: vibuyu, ngoma, jando, methali na mbege. Hayo husimuliwa kana kwamba hayakuwa na mwaka wala mabadiliko. Sehemu ya pili huitwa historia, nayo huanza siku ile mmishonari alipopiga hema. Kwa mgawanyo huo, Mwafrika hubaki na utamaduni usio na historia, naye mmishonari hupewa historia yote.

Tuchukue mfano wa Akeri, katika nchi ya Wameru. Mwezi Oktoba 1896 wamishonari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapo usiku, pamoja na baadhi ya wasaidizi wao Wachaga. Habari hii husimuliwa mara nyingi, na kwa haki, kwa maana damu yao ni sehemu ya msingi wa Kanisa la kaskazini. Kwa kawaida simulizi hurukia mwaka 1902, misioni ilipoanza kazi Nkoaranga, na msikilizaji huelewa kwamba mbegu ilipandwa, kisha ikaota.

Kati ya 1896 na 1902, hata hivyo, yalitokea mengi. Wamishonari hao walifika wakati Kapteni Johannes wa ngome ya Wajerumani huko Moshi alipokuwa karibu na askari wake. Vijana wa rika la Talala wangewezaje kutofautisha hema la mhubiri na hema la mtawala? Baada ya mauaji, jeshi la Johannes likisaidiwa na wapiganaji Wachaga liliwaadhibu Wameru na Waarusha: watu waliuawa, mifugo ikatekwa, mashamba yakateketezwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Old Moshi na viongozi wengine walinyongwa. Mpaka karne hii ukoo wake umeendelea kulidai fuvu lake, linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani. Mhadhara unaotaja makaburi mawili na kunyamazia mengine yasiyo na alama umewafundisha wasikilizaji kwamba baadhi ya wafu hawastahili kukumbukwa. Hata wale wasaidizi Wachaga, waliokufa katika utumishi uleule, ni nadra kuwasikia wakitajwa.

Upande wa utamaduni nao una mapengo yake. Mengi yasemwayo leo kuhusu mila za Wachaga yamepita katika vitabu vya Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kutoa kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachaga mwaka 1926. Tunamheshimu kwa bidii yake. Lakini Gutmann alitafuta katika ukoo, ujirani na rika misingi ya kujengea usharika, na atafutaye huona zaidi kile anachokitafuta. Tena, nyuma yake walikuwapo Waafrika walioandika. Mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu aliandika habari za falme za Kilimanjaro, na maandishi yake yakawafaa Gutmann na Charles Dundas. Ni wanafunzi wangapi wa theolojia walio na habari za Mtui? Mhadhiri asiyetaja chanzo chake humnyima mtu kama huyo kazi yake kwa mara ya pili.

Tunajua wachungaji wengine watasema: jubilei ni siku ya shukrani, kwa nini kufukua vidonda mbele ya wageni? Hoja hii ina uzito, maana historia inaweza kutumika kuchochea uhasama kati ya kabila na kabila. Lakini katika liturgia yetu ungamo hutangulia sifa. Maandiko yenyewe hayakuficha dhambi ya Daudi ili kulinda heshima ya nyumba yake. Na kidonda kisichotajwa hakiponi. Wameru wapatao 3,000 walipoondolewa Ngare Nanyuki mwezi Novemba 1951, na Kirilo Japhet alipolipeleka shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, walikuwa wakidai ardhi katika nchi ileile iliyotiishwa kwa silaha tangu 1896. Anayefundishwa mwanzo mtamu tu hawezi kuelewa uchungu uliofuata.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mhadhiri ataje chanzo cha kila habari: ni mzee wa ukoo gani aliyesimulia, ni kitabu gani, ni barua ya nani. Pili, mila ielezwe pamoja na miaka na mabadiliko yake, na ujio wa Injili uelezwe pamoja na dola iliyokuwa jirani yake. Tatu, ratiba iache muda wa kujibiwa, hasa na akina mama na wazee ambao ukoo wao haumo katika orodha ya waanzilishi.

Yoshua aliposimamisha mawe 12 huko Gilgali, alitazamia kwamba siku moja watoto watauliza maana yake (Yos. 4). Watoto wa Akeri nao watauliza. Wachungaji wanaoandaliwa leo ndio watakaosimama kuwajibu, nao hawana budi kuwaeleza habari za makaburi yote.