Bilauri Ndogo ya Koktaili: Kalibu, Barafu na Hesabu ya Joto

Bilauri ndogo yenye shina, ambayo viwanda vingi vya vyombo vya mezani huiunda upya kwa kuiga sura za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, hutazamwa zaidi kama pambo, ilhali umbo lake linaendana na mahitaji ya kinywaji chenyewe. Chombo hicho kilienea nchini Marekani, ambako mambo matatu yalikutana: kinywaji kilichohitaji ubaridi mkali, biashara iliyofikisha barafu mijini, na mbinu ya kiwandani iliyokifanya kioo kuwa bidhaa ya watu wa kawaida.

Mnamo Mei 1806, gazeti la The Balance and Columbian Repository, lililochapishwa Hudson katika jimbo la New York, lilieleza koktaili kuwa ni mchanganyiko wa pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na bitazi, yaani matone machungu yanayopatikana kwa kuloweka mizizi, magome na maganda ya matunda katika pombe. Barafu haikutajwa katika maelezo hayo. Mwaka huohuo Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston, alisafirisha hadi kisiwa cha Martinique shehena yake ya kwanza ya barafu iliyovunwa bwawani, na Nathaniel Wyeth alipobuni, mnamo 1825, plau ya kukatia barafu iliyokokotwa na farasi, uvunaji ukawa wa haraka na wa gharama ndogo. Kufikia 1862, Jerry Thomas alipotoa mjini New York kitabu chake cha namna ya kuchanganya vinywaji, barafu ilikuwa imekwisha kuwa kiungo cha kawaida, na miongoni mwa vipimo alivyovitumia kilikuwamo kile cha bilauri ya mvinyo, chenye ujazo wa takriban mililita 60.

Kwa upande wa kioo, tatizo lilikuwa bei. Tangu George Ravenscroft alipopata hataza ya kioo chake mjini London mnamo 1674, bilauri bora zilitengenezwa kwa kioo chenye oksidi ya risasi, ambacho hung'aa na hukubali kuchongwa, lakini kila moja ilipulizwa na fundi kwa mrija na kukamilishwa kwa mkono. Katika miaka ya 1820 viwanda vya Marekani, kikiwamo kile alichokianzisha Deming Jarves huko Sandwich, Massachusetts, mnamo 1825, viliendeleza mbinu ya kugandamiza: donge la kioo kilichoyeyuka lilidondoshwa ndani ya kalibu ya chuma, likakatwa kwa mkasi, kisha mchi wa chuma ukashushwa kwa wenzo ili kukisukuma kioo kijaze kila pembe ya kalibu. Hivyo umbo la ndani lilitokana na mchi, umbo la nje pamoja na nakshi likatokana na kalibu, na kazi iliyohitaji ustadi wa miaka mingi ikafanywa na kikundi kidogo cha wafanyakazi kwa muda mfupi.

Mbinu hiyo iliacha dosari zake. Kalibu iliyokuwa baridi kuliko kioo ilikunja uso wa chombo, na mkasi uliacha kovu mahali ulipokata. Kwa sababu hiyo mafundi walichonga ndani ya kalibu vinukta vingi vidogo, vilivyotawanya mwanga na kuficha makunyanzi hayo, kiasi kwamba nakshi inayosifiwa leo kwa uzuri ilikuwa pia suluhisho la kiufundi. Hatua iliyofuata ilihusu malighafi: mnamo 1864 William Leighton, katika kiwanda cha Hobbs, Brockunier huko Wheeling, West Virginia, aliboresha kioo cha mchanga, magadi na chokaa kisichohitaji risasi, ambacho kilikuwa chepesi, cha bei nafuu na chenye kuganda upesi, sifa iliyofaa sana kasi ya kugandamiza.

Thamani ya umbo lenyewe huonekana katika hesabu ya joto. Koktaili inapokorogwa na barafu, kila gramu ya barafu inayoyeyuka hufyonza takriban jouli 334, na kwa kuwa pombe hushusha kiwango cha kuganda, kinywaji huweza kufika nyuzi 4 za Selsiasi chini ya sifuri huku kikiongezewa maji ya kukilainisha. Kikishachujwa hakina tena barafu ya kukilinda. Gramu 100 za kinywaji hicho zikimiminwa katika bilauri ya gramu 150 yenye joto la nyuzi 25, na vyote viwili vikafikia joto moja, kinywaji kitapanda hadi karibu nyuzi 3 juu ya sifuri. Bilauri hiyo ikipozwa kwanza hadi sifuri, kinywaji kitabaki karibu nyuzi 3 chini yake. Shina nalo huweka mkono mbali na kinywaji, na kwa kuwa kioo hupitisha joto polepole, vidole vinavyolishika havikipashi moto.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini bilauri za zamani zilikuwa ndogo: kinywaji kidogo humalizwa kabla hakijapata joto. Mwishoni mwa karne ya 20 mabaa mengi ya Marekani yalitumia bilauri za pembe kali zenye ujazo wa mililita 240 au zaidi, ambazo humlazimu mhudumu ama kuongeza pombe kupita kiasi ama kuacha chombo nusu tupu. Dale DeGroff, aliyesimamia baa ya Rainbow Room mjini New York kuanzia 1987, alirudisha umbo dogo la kale lenye ukingo uliosimama wima kiasi, likapewa jina la Nick na Nora, wahusika wa filamu ya The Thin Man ya mwaka 1934.

Kwa hiyo kiwanda kinachotaka kuwa mwaminifu kwa urithi huu hakina budi kuanza na ujazo wa takriban mililita 120 hadi 150, ukuta mwembamba na shina refu la kutosha vidole vitatu, kisha ndipo kichague nakshi. Nakala inayobeba nakshi pekee, huku ikiwa nzito na kubwa kupita kiasi, huiga sura ya bilauri ya kale na kuiacha kazi yake.