Kutengeneza Usichoweza Kukigusa

Fundi wa redio akikwama hufungua kifuniko, akapima waya mmoja baada ya mwingine. Mwishoni mwa 1962 wahandisi wa Bell Labs hawakuwa na kifuniko cha kufungua. Telstar 1 ilikuwa ikiizunguka dunia kila baada ya dakika 157, na tangu Novemba haikutii amri yoyote.

Setilaiti hiyo ya majaribio, tufe la kilo 77 lililovikwa seli za jua 3,600, ilirushwa tarehe 10 Julai 1962 na ikavusha picha za televisheni kutoka Marekani hadi Ulaya. Siku moja kabla, Marekani ilikuwa imelipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya Pasifiki, na mionzi ikatapakaa katika njia ya Telstar. Kwa kuwa waliounda chombo walipachika vipima mionzi ndani yake, walijua kimepigwa kiasi gani.

Hawakubahatisha. Walichukua transista za aina ileile iliyokuwa katika ving'amuzi vya amri, yaani saketi za setilaiti zinazotambua amri kutoka ardhini, wakazianika kwenye mionzi maabara hadi nazo zikagoma vilevile. Chanzo kikaonekana: gesi iliyofungiwa ndani ya kopo la transista ilipata chaji kwa mionzi, na chaji ikatua juu ya uso wa transista. Dawa nayo ikajulikana: ukikata umeme, transista hupona polepole. Lakini ving'amuzi hivyo havikuzimwa kamwe, na kuvizima kulihitaji amri ambayo havikuweza kuisikia.

Wakarudi kwenye mchoro wa saketi, hatua kwa hatua, wakijiuliza ni mapigo ya redio ya umbo gani yangeweza kupita bila kuitegemea transista iliyougua. Waliyapata. Desemba king'amuzi kimoja kikatii amri hiyo ya hila, umeme ukakatwa, transista zikapata nafuu, na tarehe 3 Januari 1963 Telstar ikarudi kazini.

Ilinyamaza tena tarehe 21 Februari, safari hii moja kwa moja. Wiki saba zaonekana chache kwa jasho lote lile, lakini setilaiti ya majaribio hulipa kwa yale inayofundisha. Telstar 2, iliyorushwa Mei 1963, ilipewa njia ya juu zaidi ili ipunguze muda wake katika mionzi mikali, na transista za king'amuzi chake kimoja ziliondolewa gesi kabisa.