Christian Marclay: Mhariri Anayekata kwa Sikio

Wengi wanamjua Christian Marclay kwa The Clock, filamu ya saa 24 iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 2010 na kumpatia tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye Biennale ya Venice mwaka uliofuata. Ndani yake kuna saa za ukutani, za mkononi na za minarani, zote zimekatwa kutoka filamu za watu wengine, na saa inayoonekana kwenye skrini ndiyo saa ya kweli ya pale ulipoketi. Kinachosifiwa zaidi ni ukubwa wake: wasaidizi waliotazama DVD kwa takriban miaka mitatu, na vipande vinavyokadiriwa kufika 12,000. Ukubwa huo peke yake hauwezi kumweka mtu kwenye kiti saa nzima, akiahirisha kuondoka kila dakika. Kinachomweka ni sauti. Na ufundi wa sauti hiyo Marclay aliupata kwenye santuri, miaka 30 kabla.

Alizaliwa California mwaka 1955, akakulia Geneva, akasomea uchongaji Boston. Muziki hakuusomea. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliokota barabarani santuri ya watoto iliyokwisha kukanyagwa na magari. Alipoiweka kwenye gramafoni, sindano ikawa inaruka na kurudia sehemu zilezile, na katika marudio hayo akasikia mdundo. Wakati huo alikuwa na kundi la watu wawili, yeye na mpiga gitaa Kurt Henry, na mpiga ngoma hawakuwa naye. Santuri mbovu zikachukua nafasi ya ngoma.

Ufundi wenyewe ni wa mikono. Upande mmoja wa santuri una mfereji mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Ukibandika kijikaratasi chenye gundi juu ya mfereji, sindano ikikifikia huruka, na ikitua ilikotoka hurudia mzunguko uleule. Kwa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8. Pandisha mwendo hadi 78, unashuka chini ya sekunde 0.8. Hivyo mtu asiyesoma nota anapata mdundo thabiti na namna ya kuuharakisha.

Kati ya 1980 na 1986 akasogea mbele zaidi. Alizikata santuri zenyewe, akaunganisha vipande vya santuri tofauti kwa gundi na kupata santuri moja, kisha akaipiga. Hesabu ni rahisi: santuri yenye vipande vinne vilivyo sawa hubadilisha muziki kila baada ya sekunde 0.45, na kila kiungo hutoa mshindo wake. Mhariri wa kawaida huhangaika kuficha kiungo. Hapa kiungo ndicho ngoma. Na kwa kuwa vipande vingine vina rangi, au vina picha, santuri hiyohiyo inatundikwa ukutani ikatazamwa. Sijui kazi nyingine ya wakati ule ambamo mchongaji na mwanamuziki wanashika kitu kimoja kwa wakati mmoja namna hii.

Mwaka 1985 alitoa Record Without a Cover, santuri iliyouzwa bila jalada, ikiwa na maagizo kwamba isifungwe kwenye kifuniko chochote cha kuikinga. Imerekodiwa kwa makusudi ikiwa na mikwaruzo ya santuri kuukuu. Kila vumbi na kila mchubuko wa dukani au wa rafuni huongeza mikwaruzo mingine, hadi msikilizaji asiweze kutenga kelele iliyorekodiwa na ile iliyoingia baadaye nyumbani kwake. Hakuna nakala mbili zinazolia sawa.

Kwenye video alihamia na mkono uleule. Telephones ya 1995, yenye dakika saba na nusu, inapanga vipande vya filamu kwa mwendo wa simu moja: kuzungusha namba, mlio, kupokea, kusikiliza, kuaga. Anayeuliza yuko kwenye filamu moja, anayejibu yuko kwenye nyingine, na masikio yanakubali kabla macho hayajapinga.

Guitar Drag ya mwaka 2000 ni lazima itajwe, ingawa haina ukataji wa namna hiyo. Gitaa la umeme limefungwa kamba nyuma ya gari la mizigo huko Texas na kuburutwa, huku kikuza sauti kikiwa juu ya gari. Nyuzi, mbao na changarawe ndivyo vinavyopiga muziki kwa dakika 14, mpaka gitaa linakufa. Nyuma ya kazi hiyo kuna mauaji ya kweli: mwaka 1998, katika mji wa Jasper jimboni humo, James Byrd Jr., Mwafrika-Mmarekani, aliburutwa nyuma ya gari na wazungu watatu hadi akafa. Marclay haweki maelezo wala picha ya Byrd. Kelele ile inatosha, na ni kelele ngumu kuivumilia.

Sasa The Clock. Gawanya sekunde 86,400 za siku kwa vipande 12,000: kila kipande kinapata wastani wa sekunde saba. Kasi hiyo ingemchosha yeyote kama picha na sauti zingekatwa mahali pamoja. Marclay huzitenganisha. Muziki wa filamu ya kwanza unaendelea chini ya picha za ya pili. Mlango unafunguliwa katika filamu moja, kishindo cha kuufunga kinasikika katika nyingine. Macho yanaona mkato, masikio yanasikia mtiririko. Programu maalumu ya kompyuta ilibidi iandikwe ili picha na sauti zifuatane na saa ya kweli bila kupishana. Ndipo radi ya filamu Back to the Future inapiga mnara wa saa saa nne na dakika nne za usiku, kama inavyopaswa.

Hata hivyo, saa inambeba Marclay: mtazamaji angesubiri dakika inayofuata hata mahali ambapo uhariri umelegea. Video Quartet ya 2002 haina msaada huo. Skrini nne kwa safu, vipande zaidi ya 700 vya watu wanaoimba, wanaopiga piano, wanaopiga kelele, wanaovunja vitu, kila kimoja na sauti yake, na vyote pamoja vinakuwa utunzi mmoja wa takriban dakika 14. Kila mkato ni nota. Kiufundi, hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.