Jina la Rangi na Kitu Chenye Rangi: Uhakiki wa Chati za Shule za Watoto Wadogo

Chati ya rangi inayotundikwa katika madarasa ya watoto wadogo ina sura moja karibu kila mahali: visanduku kumi hivi vilivyopakwa rangi, na chini ya kila kimoja jina lake. Nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, manjano, buluu, kahawia, kijivu, zambarau. Mwalimu hunyoosha kijiti, watoto huitika kwa pamoja. Mpangilio huu umehamishwa kutoka katika chati za Kifaransa, nasi tunadai kwamba kasoro yake haimo katika tafsiri ya neno hili au lile, bali katika kudhani kwamba maneno hayo yote ni ya aina moja. Mtoto anayekwama mbele yake huhesabiwa kuwa mzito wa kuelewa, ilhali ni chati yenyewe isiyojua Kiswahili.

Tuanze na sarufi. Kiswahili kina vivumishi halisi vitatu tu vya rangi, navyo ni -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi hupokea viambishi vya ngeli: shati jeupe, kitabu cheupe, mti mweupe, nguo nyeupe, mahali peupe. Majina mengine asili yake ni vitu ambavyo rangi yake imeazimwa, na huunganishwa na nomino kwa kihusishi -a: shati la kijani, kitabu cha kijani. Chati huandika “nyeupe” kwa sababu neno hilo linapatana na nomino “rangi” ambayo haikutajwa. Kwa mwanaisimu hilo ni jambo jepesi. Kwa mtoto wa miaka minne, nyeupe, jeupe na cheupe ni maneno matatu, na kisanduku hakimwonyeshi popote kwamba yanataja rangi moja. Ugumu huu huzidi mjini Lubumbashi, ambako Kiswahili cha kila siku kimepunguza sana upatanisho, hivi kwamba mtoto hukutana na “jeupe” kwa mara ya kwanza shuleni. Tena, vivumishi hivyo vitatu vina tanakali zake: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu pyu. Watoto hupenda sauti za namna hiyo, nazo huonyesha rangi iliyokolea. Sijaona chati hata moja iliyozitumia.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo inahusu upana wa maana. Kamusi ya Johnson ya 1939 ilikwisha kueleza kwamba -eusi hutaja pia rangi nyingine za giza, buluu ikiwamo, na kwamba -ekundu hukusanya nyekundu za kila namna hadi karibu na kahawia. Sasa tutazame sare ya wanafunzi wa nchi yetu: shati jeupe, na suruali au sketi ya buluu iliyoiva. Mtoto anayesema suruali yake ni nyeusi hakuona vibaya. Amesema kama asemavyo bibi yake, katika Kiswahili kinachokubalika kabisa. Mwalimu anayemwandikia sifuri anamfundisha kwamba lugha ya nyumbani haina macho. Berlin na Kay, katika kitabu chao cha 1969, walidai kwamba lugha huongeza majina ya msingi ya rangi kwa utaratibu fulani: kwanza nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, ndipo nyingine. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozichunguza kwa vibao vya rangi, ingawa wasaili wao wengi waliishi karibu na San Francisco, jambo ambalo wahakiki hawakulisahau. Hata tukiwa na shaka juu ya nadharia hiyo, vivumishi vyetu vitatu vinaiafiki vizuri mno kupuuzwa.

Na hivyo vitu vilivyoazimwa? Manjano ni kiungo cha mapishi ya pwani. Zambarau ni tunda. Samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Kwa mtoto wa Mombasa jina linaweza kuwa na kitu nyuma yake. Kwa mtoto wa Katanga mara nyingi ni sauti tupu. Lakini yeye anaujua ukijani wa sombe na wa jiwe la malakiti, anaijua bidoni ya manjano ya kutekea maji, anaijua rangi ya mawese. Bendera ya taifa iliyowekwa mwaka 2006 ina buluu ya mbingu, nyekundu na manjano, nayo haigharimu shule kitu. Jina sanifu lifundishwe, ila kitu kinachojulikana kitangulie.

Kuhusu utaratibu wa kufundisha, lugha yetu ina bahati isiyotumiwa. Ramscar na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba watoto wanaosema Kiingereza hujifunza rangi vizuri zaidi kitu kikitajwa kabla ya rangi yake kuliko rangi ikitangulia, kama ilivyo desturi ya Kiingereza. Kiswahili hutanguliza nomino daima: mpira mwekundu. Chati ya visanduku huiondoa nomino na kuitupa bahati hiyo. Afadhali mipira mitatu yenye ukubwa mmoja na rangi mbalimbali, kisha rangi moja katika mpira, kitambaa na kikombe, mwalimu akitamka upatanisho waziwazi. Wala tusiwe na haraka. Roberson na wenzake, waliowafuatilia watoto wa Kihimba wa Namibia na watoto wa Kiingereza, walieleza mwaka 2004 kwamba majina ya rangi hupatikana polepole katika lugha zote mbili.

Wapo watakaosema watoto wetu wana bleu, vert na jaune tangu nyumbani, kwa nini tuwasumbue? Hoja hii ina uzito, na sheria ya elimu ya 2014, iliyozikubali lugha za taifa kuwa chombo cha kufundishia, haiijibu peke yake. Hata hivyo “buluu” nalo ni mgeni, lililotoka kwa Waingereza. Mtoto akisema “suruali ya bleu”, ameshaweka -a mahali pake na ameshaitenga rangi hiyo na nyeusi. Kinachobaki ni mwalimu kuitikia “ndiyo, suruali ya buluu”, na kuendelea na shati.