Cheti cha Kipanya

Shemeji yangu huuza dagaa Mwigobero, mjini Musoma, nasi tunakaa Iringo, mwendo wa miguu tu kutoka mwaloni. Mwaka juzi alialikwa kwenye mafunzo ya siku tatu ya ujuzi wa kidijitali kwa akina mama wa vijijini, yaliyoandaliwa na shirika ambalo sitalitaja. Alirudi na fulana, nauli iliyobaki na cheti, ambacho kilitundikwa sebuleni juu ya kalenda. Nilimwuliza, "Shemeji, mmefundishwa nini?" Akanitajia sehemu za kompyuta moja baada ya nyingine: kioo, kibodi, kipanya, na jinsi ya kuizima bila kuiharibu. Kompyuta zilikuwa sita kwa watu arobaini. Jioni ya siku ya tatu zilipakiwa garini zikaondoka.

Wiki mbili baadaye kitochi chake kiliingia ujumbe ambao Watanzania wengi tumeupata: ile hela itume kwenye namba hii. Asubuhi ile alikuwa anadaiwa na mwenye mtumbwi. Akatuma shilingi 85,000, mtaji wote wa wiki.

Simlaumu aliyefundisha, alikuwa kijana mpole na alijua kazi yake. Ninachokilaumu ni fikra iliyomtuma. Fikra hiyo humwona mwanakijiji kuwa mtu ambaye teknolojia haijamfikia, kwa hiyo hupelekewa mashine ili aitazame. Kumbe simu imefungwa kwenye pindo la khanga yake tangu miaka mingi. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo mama wa mwaloni hupokea, hulipa na hukopeshana kwa simu. Katika siku zote tatu hakuna aliyemwambia, "Mama, hebu toa simu yako tuione."

Jambo hili linaniudhi zaidi kwa sababu kanda yetu iliwahi kulifanya vizuri. Kuanzia mwaka 1968 ulikuwapo mradi wa kisomo cha manufaa katika mikoa ya Ziwa, Mara ikiwemo, uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vyake havikuanza na herufi tupu. Vilianza na pamba, samaki, ng'ombe na migomba, yaani kazi ambayo mtu aliiacha nusu saa kabla ya kuingia darasani na angeirudia akitoka. Mkulima alijifunza neno "pamba" kwa kuwa alikuwa nayo shambani. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini walihesabiwa kuwa asilimia 67. Mwaka 1986 ilitangazwa kuwa wamebaki asilimia 9.6. Takwimu za serikali zipokewe kwa uangalifu, na wengi walisahau baadaye kwa kukosa cha kusoma. Hata hivyo, mtu aliyesoma mizani ya pamba kwa macho yake hakuibiwa kirahisi.

(Msomaji mcheshi atanikumbusha kwamba serikali ile ile, chini ya mwana wa Butiama, ndiyo iliyopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, baada ya jaribio la kuweka hesabu za Hazina kwenye mashine kwenda mrama. Ni kweli. Hakuna zama zenye akili zote.)

Wako watakaosema kwamba siku hizi mambo ni makubwa mno, hayawezi kufundishwa kwa mtindo wa pamba. Nawaelekeza Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji 170 vya mkoa ule, watoto waliokuwa nje ya shule walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Lilikuwa shindano la kimataifa la XPRIZE, nalo lilikwisha kwa zawadi ya dola milioni 10 kugawanywa kwa washindi wawili. Wengi wa watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja mwanzoni. Ninayo manung'uniko yangu: sipendi kijiji kigeuzwe uwanja wa mashindano, na kishikwambi si mwalimu. Lakini jambo moja walilipata sawasawa. Hakuna mtoto aliyepewa cheti cha kujua sehemu za kishikwambi. Alifundishwa kusoma na kuhesabu, tena kwa lugha aliyoisikia kila siku.

Basi nikijiuliza mafunzo yale ya Musoma yalimpima nani, naona yalimpima mfadhili. Idadi ya akina mama iliandikwa, picha ikapigwa, taarifa ikapelekwa. Kama wangerudi baada ya mwezi kuuliza nani ameibiwa na nani amepona, wangepata taarifa nyingine.

Shemeji alikaa siku nne bila kwenda mwaloni. Siku ya tano alikuja barazani kwangu jioni, akakaa kwenye kigoda, akafungua pindo la khanga. "Shemeji, nionyeshe pale jina linapotokea kabla hujatia namba ya siri." Tukajaribu kwa shilingi 500, akinitumia nami nikimrudishia, mara tatu, kila mara akisoma jina kwa sauti na kusita kabla ya kubonyeza. Mara ya nne nilimpa kwa makusudi namba yenye tarakimu moja niliyoigeuza. Akasoma jina, akanitazama, akacheka, akakataa kutuma.

Kesho yake walikuja wenzake wawili, na vitochi vyao.