Maji Chini ya Kioo

Mkoani Katavi, Tanzania, maji yana majira. Masika Mto Katuma hujaa; kiangazi hunywea, viboko wakabanana kwenye madimbwi ya matope. Mpiga picha wa Kasekese, mkoani humo, hukua akijua hivyo, kwa hiyo namheshimu mwenzake anayepiga maporomoko ndani ya hoteli, mahali pasipo masika wala kiangazi.

Gaylord Opryland ya Nashville, Marekani, ina bustani za ekari 9 chini ya mapaa ya vioo. Ya kwanza ilifunguliwa 1983, Cascades 1988, Delta 1996. Pampu huyapandisha maji, yakashuka, yakapandishwa tena. Hata humo majira yaliwahi kuingia: Mei 2010 Mto Cumberland ulifurika ukaivamia hoteli, ikafungwa hadi Novemba.

Mgeni huinua simu, akabonyeza, akaondoka na doa jeupe mahali pa maporomoko. Mwanga wa mchana una ubuluu, taa za ndani zina umanjano. Ukirekebisha huu, ule unaharibika. Fundi husubiri magharibi, dakika chache ambazo anga na taa zinalingana nguvu. Kamera huiweka kwenye stendi ya miguu mitatu, shata akaiacha wazi nusu sekunde. Hapo maji huonyesha nyuzi zake. Kwa sekunde nne yanakuwa ukungu. Kwa 1/500 ya sekunde, matone yanaganda hewani kama mchele unaopepetwa. Mimi napenda nusu sekunde, kwa sababu jicho bado linayaona yakianguka. Kichujio cha polaraizi nacho huzungushwa taratibu mpaka mng'ao uyatoke majani yaliyolowa, kijani chenyewe kijitokeze. Kinakula mwanga, lakini hakuna mbadala wake. Na kitambaa kikavu kisikose mfukoni, maana rasharasha haiiachi lenzi.

Ila maji na mwanga pekee havitoshi. Miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijenga vibanda vya mbao wakavipamba kwa maua ya plastiki na mapazia yaliyochorwa meli na majumba. Mafundi wale walijua kuwa bustani ya ndani inamngoja mtu wa kusimama humo. Picha za Opryland zisizo na mtu hunichosha. Msimamishe mmoja tu kando ya maji, mwambie asitikisike hiyo nusu sekunde, na urefu wa paa utaonekana papo hapo.

Kijana wa Kasekese hahitaji tiketi ya ndege kuanza. Simu nyingi sasa zinakuruhusu kupanga muda wa shata. Mvua zikianza, tafuta kijito chenye mawe, egemeza simu kwenye jiwe, piga jioni, kisha ubadilishe muda na upige tena.