Juu ya Msemo "Changamoto ya Upumuaji"

Mwezi wa Mei 2020 hesabu za Korona nchini Tanzania zilisimama penye wagonjwa 509 na vifo 21. Mapema 2021 habari za misiba zikajaa "changamoto ya upumuaji". Msemo huo ni laini mno: changamoto humchangamsha mtu, na aliyebanwa pumzi hachangamki. Tena huko Makongolosi, mji wa wachimba dhahabu wilayani Chunya, ambako vumbi la makarasha ya kusagia mawe huwakohoza watu siku zote, msemo haukutenga kikohozi cha kazi na cha gonjwa. Aliyemfukiza mzazi wake kwa nyungu usiku kucha hakuyasikia redioni aliyoyaona. UVIKO-19, neno lililoenea baadaye, halipendezi sikioni, lakini lataja ugonjwa wenyewe.